Kujadili rasimu ya utafiti kwenye Mastodon bila kupoteza kumbukumbu

Mastodon ni mtandao wa kijamii usio na makao makuu. Ni maelfu ya seva, kila moja na msimamizi wake na sheria zake, zinazowasiliana kwa itifaki ya ActivityPub iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018. Mwanafizikia wa seva moja humfuata mtakwimu wa seva nyingine bila kuhama, kama barua pepe inavyovuka watoa huduma.

Kabla ya kujiunga, soma ukurasa wa maelezo ya seva: nani anaiendesha, nani anailipia. Inayotegemea mfuko wa mtu mmoja inaweza kuzimika ghafla. Chuo chenye fundi wake kiendeshe ya kwake, maana hapo anwani yenyewe inakutambulisha.

Kisha thibitisha wasifu. Weka humo kiungo cha ukurasa wako wa chuo; kwenye ukurasa huo weka kiungo cha kurudi kwenye akaunti, chenye rel="me" ndani ya msimbo wake wa HTML. Kikikubaliwa kinageuka kijani. Kisipogeuka, mara nyingi rel imesahaulika, au umeibandika baada ya kuhifadhi wasifu: hifadhi upya.

Wengi hukata tamaa katika wiki za mwanzo: wanaandika, kimya. Chapisho haliendi kila seva. Linafika kule uliko na mfuasi, au lilikosambazwa na mtu. Alama ya reli (#) nayo huonyesha yale tu yaliyokwisha kuifikia seva yako, kwa hiyo seva changa huona machache. Dawa ni kufuata watu wa fani yako kwanza, hata 50, na kujibu hoja zao kabla ya kuleta zako.

Rasimu yenyewe usiiache humo. Ipandishe Zenodo, ghala linaloendeshwa na CERN, upate DOI (kitambulisho cha kudumu cha hati mtandaoni), kisha uandike chapisho. Nafasi kwa kawaida ni herufi 500: swali moja, DOI, alama za reli mbili. “Maoni yanakaribishwa” haijibiwi. “Mchoro wa 3: tumeondoa vipimo 4 vilivyo mbali na vingine, je, jaribio hili la takwimu bado linafaa?” inajibiwa, kwa sababu msomaji anajua aangalie wapi. Mchoro uupe maelezo ya maandishi: mihimili, vizio, mwelekeo wa mstari. Wenzetu wasioona nao ni wahakiki. Hoja nzuri zikija, ziingize kwenye toleo la pili na uwataje waliozitoa, kwa idhini yao. Kila toleo hupewa na Zenodo DOI yake.

Taarifa za washiriki wa utafiti zisipite kwenye ujumbe wa faragha kamwe. Haujafichwa kwa msimbo toka mwisho hadi mwisho. Msimamizi wa seva anaweza kuusoma. Tena, ukiandika anwani kamili ya mtu wa tatu ndani yake, naye anaupokea. Kufuta pia si dhamana: seva nyingine huombwa zifute, na si zote hutii.

Siku ya kuhama seva, anzia akaunti mpya: itaje ya zamani kama jina lake lingine, ndipo uamuru uhamisho kutoka ile ya zamani. Wafuasi watahama, machapisho yatabaki. Orodha ya unaowafuata ipakue mapema kama faili la CSV (jedwali la maandishi matupu); nakala ya machapisho huombwa mara moja kila siku 7. Yote haya yanahitaji seva ya zamani iwe bado hai, kwa hiyo tangazo la kufungwa likitoka, hama siku hiyohiyo.