Somo: Muziki wa nyumba nzima bila kulipia programu kila mwezi

Roon ni programu nzuri, hilo halina ubishi. Inapanga albamu vizuri, inacheza vyumba vingi kwa pamoja, na inakueleza nani alipiga gitaa lipi. Ila inatoza takriban dola 15 kwa mwezi, au kama dola 830 ukilipa mara moja, na hapo hujanunua hata spika. Kwa mtu wa Mwanza mwenye mafaili yake mwenyewe ya muziki, fedha hiyo ni heri iende kwenye spika na diski. Kazi ya programu itafanywa na Lyrion Music Server, ambayo ni ya bure. Waliozoea mambo haya wanaijua kwa jina la zamani, Logitech Media Server. Tena muziki ukitoka kwenye diski yako kwenda kwenye spika kupitia ruta ya nyumbani, hauli bando. Hata ruta isiyo na intaneti inatosha kuuchezesha.

Vifaa

Raspberry Pi 3 au 4 (kompyuta ndogo, kwa kifupi Pi), memori kadi ya GB 8, waya wa mtandao, diski ya nje, kigeuza sauti cha USB ambacho mafundi hukiita DAC, na amplifaya yoyote uliyonayo. Usitegemee tundu la hedifoni la Pi, kwani sauti yake ina mkwaruzo, na Pi 5 haina tundu hilo kabisa.

Chaja iwe ya volti 5 na ampea 3, isiwe chaja ya simu. Hapa ndipo wengi wanapokwama: volti ikishuka diski inajizima katikati ya wimbo, kisha lawama inaenda kwa programu. Diski inayozunguka huvuta umeme mwingi inapoanza, na Pi 4 ina ampea 1.2 tu za kugawana kwenye matundu yote ya USB. Ama nunua SSD, yaani diski isiyozunguka, ama pitisha diski kwenye habu yenye chaja yake. Kuhusu ukubwa, CD ya saa moja ikihifadhiwa kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, huchukua MB 300 hadi 400, hivyo TB 1 inabeba zaidi ya albamu 2,000.

Hatua

1. Pakua piCorePlayer, mfumo mdogo wa kuchezea muziki kwenye Pi, uiandike kwenye kadi kwa Raspberry Pi Imager. Mfumo huu hupakiwa wote kwenye RAM, na kadi haiandikwi ovyo wakati muziki unacheza. Umeme ukikatika ghafla kadi haiharibiki kirahisi, na kwa mji wetu hiyo ni sababu tosha ya kuuchagua.

2. Chomeka Pi kwenye ruta kwa waya. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya Pi, uifungie hapohapo isibadilike. Andika anwani hiyo kwenye brauza.

3. Kabla ya yote bonyeza "Resize FS" uongeze nafasi, MB 1000 hivi. Ukiruka hatua hii, usakinishaji wa seva utakwama kwa kukosa nafasi.

4. Nenda kwenye kichupo cha LMS, ndiyo Lyrion yenyewe, usakinishe seva. Hapohapo utaiona diski yako. Ipe jina, mfano "muziki", nayo itapatikana kwenye /mnt/muziki. Iwe ya ext4, mpangilio wa diski wa Linux. NTFS, mpangilio wa Windows, inakubali ukiongeza kiendelezi chake, lakini umeme ukikatika inaweza kugoma kufunguka hadi uipeleke kwenye Windows ikakaguliwe.

5. Kwenye mipangilio ya Squeezelite, sehemu inayopeleka sauti kwenye DAC, chagua "USB audio", ukipe chombo jina la chumba, uhifadhi.

6. Fungua anwani ileile ukiongeza :9000, onyesha folda ya muziki, uache seva ikague. Kisha ongeza Material Skin, mwonekano unaofaa simu. Bila hiyo, kutumia simu kama rimoti kunachosha.

Sasa kazi yenyewe hasa: tegi. Seva inasoma maandishi yaliyo ndani ya faili, haijali jina la folda. Ukiwa na "Mlimani Park", "DDC Mlimani Park" na "DDC Mlimani Park Orchestra", utapata bendi tatu. Mkusanyiko wa wasanii mbalimbali nao utavunjika vipandevipande usipojaza sehemu ya "Album Artist". Rekebisha kwa Mp3tag au MusicBrainz Picard kabla ya kuhamishia nyimbo kwenye diski. Ni kazi ya majuma, na inalipa kila siku unayosikiliza.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nimeweka Pi Zero 2 W chumbani, nyumba ipo mlimani Bugando, kuta za mawe. Muziki unakatakata.

FLAC haihitaji hata Mbps 2, kwa hiyo si suala la kasi, ni wimbi kuzuiwa na jiwe. Pi Zero 2 W hutumia GHz 2.4 peke yake, ambayo tayari hupenya vizuri kuliko 5. Kwa hiyo vuta waya hadi ukumbini uweke ruta ya pili hapo.

Naweza kuunganisha spika ya Bluetooth na ya sebuleni zicheze pamoja?

Zitacheza, ila ya Bluetooth itachelewa na utasikia mwangwi. Kila chumba kipate Pi yake na DAC yake, seva itavilinganisha yenyewe.

Habari mkuu. Mimi nipo Ukerewe, natumia sola na betri ya volti 12. Nimefunga amplifaya ya TPA3116 na Pi kwenye betri moja kwa kishusha volti. Inapiga, lakini kuna mluzi mwembamba.

Mluzi huo unapita kwenye hasi inayoshirikiwa kati ya Pi na amplifaya. Jaribu hivi: lishe Pi kwa pawabenki peke yake. Ukipotea, weka kishusha volti ambacho hasi ya kuingia na ya kutoka hazijaungana, au kitenganisha mzunguko kwenye waya wa sauti. Kwa volti 12 tarajia wati 15 hivi kila upande kwenye spika za omu 4, zinatosha sebule.

Nilirekebisha kitu kwa SSH (kuandika amri kwenye Pi kutoka kompyuta nyingine), umeme ukakatika, mabadiliko yamepotea.

Kwa sababu yalikuwa kwenye RAM tu. Kila ukimaliza kubadili kwa SSH andika pcp bu. Ukibadili kupitia brauza, kitufe cha "Save" hufanya hivyo chenyewe.

Nikiwa kwenye daladala nisikilizeje mafaili yangu?

Sakinisha Navidrome, seva ya muziki ya kusikiliza ukiwa mbali, kwenye kompyuta kuukuu nyumbani, uifikie kupitia Tailscale, programu inayounganisha simu yako na nyumbani kwa usalama. Hapo sasa bando linaliwa: FLAC ni kama MB 350 kwa saa. Iamuru igeuze kuwa Opus, aina ya faili iliyobanwa, ya kbps 96, itashuka hadi MB 43 kwa saa, na ndani ya daladala hutasikia tofauti.