Kusindika Ngozi ya Mbuzi Nyumbani kwa Maji ya Magome

Mwongozo huu unahusu ngozi moja ya mbuzi iliyoondolewa manyoya, inayofaa kushonea makubazi, pochi au mkoba mdogo. Ngozi ya ng'ombe ni nene na huchukua miezi, kwa hiyo anayeanza aiache kwanza.

Nunua ngozi siku ileile mbuzi anapochinjwa, kwa mfano kwenye machinjio ya Vingunguti asubuhi, na iwe ya mnyama aliyekaguliwa. Ya mnyama aliyejifia usiiguse, kwa sababu vijidudu vya kimeta hudumu ndani ya ngozi hata ikikauka. Kwa joto la Dar es Salaam ngozi huanza kuoza ndani ya saa chache, na dalili yake ni manyoya kung'oka yakivutwa. Muuzaji akikuapia kwamba ni ya leo, vuta manyoya ya tumboni uhakikishe. Usipoanza kazi siku hiyo, ipake chumvi ya mawe upande wa nyama, kiasi cha nusu ya uzito wake, kisha uikunje.

Hatua ya kwanza ni kuiosha mpaka damu na chumvi viishe, kisha kuiloweka katika maji ya chokaa. Weka gramu 300 za chokaa iliyozimwa katika lita 10 za maji, ndani ya pipa la plastiki, ukoroge mara mbili kwa siku. Vaa glavu na ukinge macho. Baada ya siku tatu hadi tano manyoya yatatoka kwa kusukumwa na kidole gumba. Itandaze ngozi juu ya bomba nene la plastiki, uyakwangue kwa kisu butu, kisha uigeuze uondoe nyama na utando wote.

Chokaa ikibaki ndani, ngozi itakuwa nyeusi na yenye kukatika. Isuuze kwa maji mengi, uiloweke usiku kucha katika maji ya pumba za mahindi yaliyochachuka au maji yenye siki kidogo, mpaka utelezi uishe.

Sasa magome. Ya miwati, mti unaolimwa sana Njombe, yana tanini nyingi, yaani ile dawa ya asili inayoigeuza ngozi mbichi isioze, kuliko mengi mengine. Ya mkorosho na maganda ya komamanga pia hufaa. Mikoko ni mizuri kwa kazi hii, lakini kuikata bila kibali ni kosa. Ponda kilo moja, uchemshe kwa saa moja katika lita 10 za maji, uchuje. Kisha uyachemshe magome yaleyale mara ya pili na ya tatu, kila maji yakae kwenye ndoo yake. Tumia sufuria ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu, kwani tanini ikikutana na chuma cha kawaida hutoa madoa ya buluu nyeusi yasiyofutika. Kwa sababu hiyohiyo napendelea maji ya mvua kuliko ya kisima, ambayo huweza kuwa na madini ya chuma.

Anza na maji ya tatu, yaliyo hafifu, na yawe yamepoa kabisa, maana ngozi mbichi katika maji ya moto hujikunyata isifae tena. Wengi hukimbilia maji makali ili kuokoa muda, na matokeo yake uso wa ngozi hukaza mapema na kuizuia tanini isipenye ndani. Igeuze kila siku. Baada ya siku nne au tano ihamishie maji ya pili, halafu ya kwanza. Kazi hii huchukua wiki mbili hadi tatu, lakini usihesabu siku tu: kata kipande chembamba shingoni, palipo panene, uutazame mkato wake juani. Ukiona mstari mweupe katikati, kama kiini cha muhogo usioiva, irudishe. Rangi ya kahawia ikienea kote, imeiva.

Isuuze, uikamue, na ikiwa bado na unyevu uipake mafuta ya nyonyo pande zote mbili. Iwambe kivulini kwenye fremu ya mbao. Inapokaribia kukauka ifungue, uivute huku na huku juu ya ukingo wa ubao mpaka ilegee. Wakati wa masika ining'inize mahali penye upepo, kwa sababu ukungu huota upesi sana kwenye ngozi yenye mafuta.