Namna ya Kuandaa Maji ya Gome la Mkorosho ya Kusukutua

Mkorosho asili yake ni Brazili, na ulifikishwa katika pwani yetu na Wareno katika karne ya 16. Leo, kuanzia Newala na Tandahimba hadi Nachingwea, watu wanauthamini zaidi kwa korosho, ilhali wazee wamekuwa wakichemsha gome lake na kusukutua kwa maji yake pindi fizi zinapouma au vidonda vinapotokea mdomoni. Katika tiba zote za asili zinazotajwa kuhusu mti huu, hiyo ndiyo ninayoiona ya kuelekezwa kwanza, kwa kuwa dawa yenyewe haimezwi.

Gome lichukuliwe baada ya mavuno, wakati wa kupogoa, kutoka kwenye matawi yaliyokwisha kukatwa. Kuchuna shina ni kuufungulia mti magonjwa, na anayelichuna kwa kulizunguka anaua mti uliomlisha miaka mingi. Zingatia pia salfa inayopulizwa kuanzia Juni kukinga ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), pamoja na viuatilifu vingine: usitumie gome wala majani ya mti uliopulizwa kabla haujanyeshewa msimu mzima wa mvua.

Kata kipande cha gome chenye urefu wa kiganja, ukwangue ganda gumu la nje, ukioshe, kisha ukikatekate na kukichemsha katika nusu lita ya maji kwa takriban dakika 15, hadi maji yawe na rangi ya kahawia iliyoiva. Tumia chungu au sufuria ya alumini, kwa sababu katika chombo cha chuma maji hayo hugeuka meusi. Weusi huo unatokana na tanini, ambayo pia ndiyo inayoleta ukakasi unaoufahamu ukila bibo, tunda la mkorosho: hukaza utando wa kinywa, na ndiyo maana fizi hupata nafuu. Chuja kwa kitambaa safi, acha yapoe, sukutua asubuhi na jioni, kisha uteme. Yaliyobaki yamwagwe; kesho chemsha mengine.

Mtoto asiyeweza kutema asipewe, wala mtu mwenye mzio wa korosho au maembe, kwani miti hiyo ni ya ukoo mmoja. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kipelekwe kituo cha afya. Wapo wanaokunywa maji haya kuzuia kuhara, lakini kinachoua katika kuhara ni kupungukiwa maji mwilini, hivyo mtoto anayehara apewe ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na kupelekwa zahanati bila kusubiri gome lichemke.

Mafuta ya ganda la korosho ni jambo jingine kabisa. Wengine huyapaka kwenye chunjua au miguu iliyopasuka, nami sishauri hata kidogo: yanaunguza ngozi, na wabanguaji wanaijua vyema mikono iliyobabuka. Yakikugusa, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka na uende hospitali siku hiyohiyo.