Umeibiwa mtandaoni na mtu aliyeko nje ya nchi: ripoti hivi

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya Watanzania wanaoagiza mzigo nje. Mchezo wenyewe ni huu: mwizi anaingia kwenye barua pepe yako au ya muuzaji wako wa Guangzhou, anasoma mazungumzo kimyakimya, na siku ya malipo inakuja ankara yenye nembo ileile ila namba ya akaunti imebadilika. Ukija kushtuka, hela imeshaondoka.

Hatua ya 1: benki kwanza. Wengi hukimbilia kituoni, lakini askari hana namna ya kusimamisha muamala wa SWIFT, mfumo ambao benki hutumia kutumiana hela kimataifa. Iambie benki yako kuwa umetapeliwa, iombe kwa maandishi iitake benki iliyopokea izuie na kurudisha fedha, na uchukue nakala ya uthibitisho wa malipo ya SWIFT (wengi huuita MT103). Fanya siku hiyohiyo. Hela ikishatolewa kule, ombi lako linabaki karatasi tu.

Hatua ya 2: ushahidi. Usifute kitu wala usipige windows upya. Picha ya skrini peke yake haitoshi, kwa sababu haionyeshi barua ilipitia wapi. Kwenye Gmail, bonyeza nukta tatu pembeni ya ujumbe upakue barua nzima, faili linaloishia na .eml. Ndani yake kuna mistari inayoanza na neno Received. Isome kuanzia chini kwenda juu, utaona safari ya barua tangu ilipotoka. Kagua pia mipangilio: mara nyingi mwizi huacha anwani yake humo ili aendelee kupata nakala za barua zako. Ipige picha, ndipo uiondoe na kubadili nywila.

Maelezo mengi huharibikia kwenye saa. Kumbukumbu za seva nyingi huandikwa kwa UTC, yaani saa za kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Mstari unaosema 23:40 ya tarehe 4, kwetu ni saa nane na dakika arobaini usiku, tarehe 5. Usipoeleza hilo, maelezo yako na kielelezo chako vitapingana, na wakili wa mshtakiwa hatahitaji hoja nyingine. Andika saa zote mbili, sambamba.

Hatua ya 3: polisi. Nenda kituo cha karibu, chukua RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), omba jalada lipelekwe Kitengo cha Makosa ya Mtandao. Kuingilia mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hivyo usikubali kuambiwa "karipoti hukohuko China". Kama ni tovuti au seva iliyovamiwa, wajulishe pia TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia mashambulizi ya mtandao, walio chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Hao watakusaidia upande wa kiufundi, hela hawarudishi. Ile namba 15040 ya kuripoti utapeli wa simu ni ya meseji za "tuma kwa namba hii".

Hatua ya 4. Akaunti iliyopokea ikiwa Marekani, jaza malalamiko kwenye tovuti ya IC3, kituo cha FBI cha kupokea malalamiko ya uhalifu wa mtandao. Hata asiye Mmarekani anapokelewa.

Maswali ya wanachama

*Kaka, IP inaonyesha Urusi. Niandike mwizi ni Mrusi?*
Hapana. Andika IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni) na saa, basi. Huenda amepitia VPN (huduma ya kuficha mahali ulipo) au kompyuta ya mtu mwingine aliyevamiwa, na yeye mwenyewe yuko Sinza, Dar es Salaam.

*Nikiwaandikia Interpol moja kwa moja si ndiyo haraka zaidi?*
Interpol hawafungui kesi ya mtu binafsi. Wanafanya kazi na polisi wa nchi, kupitia ofisi yao iliyo ndani ya polisi wetu. Ndiyo maana nasisitiza RB.

*Sisi tuko Mombasa, utaratibu ni huohuo?*
Karibu sawa: badala ya RB mna OB, kesi inakwenda DCI (idara ya upelelezi ya Kenya), na upande wa kiufundi ni KE-CIRT, wenzao TZ-CERT wa huko. Ila data za wateja zikivuja na zinaweza kuwadhuru, mna saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data.

*Shikamoo mwalimu. Wametufungia mafaili yote ofisini, wanadai bitcoin. Tulipe?*
Marahaba. Msilipe kwanza. Chomoeni waya wa intaneti, tunzeni ule ujumbe wa madai na faili moja lililofungwa, kisha vipandisheni kwenye nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa mtandao. Kwa baadhi ya virusi hivyo, ufunguo upo pale bure.