Somo: Kusoma kuhama kwa kura katika chaguzi za Bunge la Scotland

Matokeo yakitoka, wengi hukimbilia viti. Viti visome mwisho.

Hatua ya 1: Tenganisha karatasi mbili za kura. Kuna ya jimbo (majimbo 73, anayeongoza ndiye mshindi) na ya kanda (kanda 8, kila moja viti 7). Mwaka 2021 SNP (chama kinachotaka uhuru wa Scotland) ilipanda majimboni kutoka asilimia 46.5 ya 2016 hadi 47.7, huku kwenye kanda ikishuka kutoka 41.7 hadi 40.3. Ukizichanganya, umepotea.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kanda. Chukua viti ambavyo chama kimeshapata katika kanda hiyo, ongeza 1, kisha gawa kura zake za kanda kwa jumla hiyo. Mwenye jibu kubwa anapewa kiti. Rudia mpaka 7 viishe. Kanda ya Glasgow 2021, SNP ilizoa majimbo yote 9, hivyo kura zake takriban 134,000 ziligawanywa kwa 10 na hazikuambulia kitu. Labour, kwa kura 74,088, ikapata viti 4. Kiti cha mwisho ndicho kitamu: Conservative 37,027 kwa 2 ni 18,513, Green 36,114 kwa 2 ni 18,057. Green wakakikosa kwa kura zisizofika 1,000, na kwenye karatasi hiyohiyo Independent Green Voice, chama kingine kabisa chenye jina linalofanana, kilikuwa na kura 2,210.

Hatua ya 3: Pima mhamo. Jumlisha asilimia ambazo chama A kimeongeza na ambazo chama B kimepoteza, gawa kwa 2. Hapa ndipo wengi huteleza: jibu halisemi nani kahama. Huenda wa B walibaki nyumbani, na A akaletewa wapigakura wapya. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 56 mwaka 2016, na zaidi ya 63 mwaka 2021. Anayehama hujulikana kwa dodoso linalowarudia watu walewale, kama la British Election Study.

MASWALI

Mkuu, 2024 SNP ilianguka Westminster (Bunge la Uingereza) kutoka viti 48 hadi 9. Si imekwisha hata Holyrood (Bunge la Scotland)?
Viti vinadanganya. Bado ilipata kama asilimia 30 ya kura za Scotland, ila Westminster hakuna kanda za kufidia. Wapigakura pia si walewale: kule ni miaka 18, Holyrood ni 16. Lakini kushuka kutoka asilimia 45 ya 2019 hadi 30 ni anguko la kweli.

Kwa hiyo mfuasi wa SNP anaitupa kura ya kanda?
Mwaka 2021 iliipa viti 2 tu kati ya 64. Ila ikipoteza majimbo kigawanyo kinapungua, na kura hiyohiyo inaanza kuleta viti. Hakuna anayejua mapema atapoteza mangapi.