SOMO: Ukiweka skrini ya kidijitali kwenye ndege ya Cessna 172, plakadi haziondoki na geji

Wadau, swali hili nimeulizwa hapa uwanja wa ndege wa Wilson mpaka nimechoka, kwa hiyo naliandika mara moja: tukitoa geji za zamani na kuweka skrini, plakadi nazo tuzitoe? Plakadi, yale maandishi madogo yaliyobandikwa kwenye dashibodi ya rubani, ni sehemu ya masharti ya ndege. Ikikosekana moja inayotakiwa, ndege hairuhusiwi kuruka.

1. Piga picha dashibodi nzima kabla ya kugusa skrubu. Milango, swichi ya mafuta sakafuni na sehemu ya mizigo pia.

2. Fungua kitabu cha ndege, sehemu ya 2. Orodha ya plakadi imo humo. Kwa ndege za zamani zenye kitabu chembamba, angalia hati ya muundo namba 3A12, ile rasmi inayoidhinisha muundo wa Cessna 172.

3. Soma nyongeza ya kitabu inayokuja na skrini. Isiposema ondoa, usiondoe. Ikisema ongeza, ongeza.

4. Chapa upya zilizoharibika. Hapa ndipo nilipokosea. Ilikuwa 172N, toleo mojawapo la Cessna 172, dashibodi ya zamani tukaikata na kuitupa kwenye vyuma chakavu kabla sijanakili kitu. Nikaenda kwa jirani hangani, kwenye 172M, toleo jingine, nikanakili zake. Kumbe ile ilikuwa ya maili kwa saa. Ule mwendo ambao ukiupita hutakiwi kukata usukani hadi mwisho, kibao chake kilisoma 112. Kwenye 172N yenye uzito wake wa juu kabisa ni noti 97 (noti ni maili ya baharini kwa saa), na skrini yetu ilikuwa ya noti. Rubani angefika 112 akiamini yuko salama, kumbe amezidisha noti 15. Mkaguzi aliinama mlangoni, akakigusa kile kibao kwa kidole, akauliza: "Hiki ni cha ndege gani?" Sikuwa na jibu. Ndege ikalala hangani siku nne.

ONYO: nakili kutoka kitabu cha ndege yako, chenye namba yake. Neno kwa neno. Usifupishe, usitafsiri, usibadilishe kipimo.

5. Bandika karibu na kitu kinachohusika, pasipofunikwa na fremu ya skrini wala usukani. Kaa kwenye kiti cha rubani uhakikishe unasoma.

6. Pima dira upya, weka kadi mpya inayoonesha makosa yake. Mhandisi aandike na kusaini kwenye kumbukumbu.

MASWALI

Rubani_Kijana: Mkuu, skrini ina rangi zote za mwendo. Kibao cha nini tena?

Jibu: Taja rangi ya ule mwendo wa hatua ya 4. Kijani, njano, nyeupe, mstari mwekundu, hakuna hata moja inayouonesha. Ndiyo maana una kibao.

Mzee wa Hanga: Na mimi nina 172. Nitumie picha za plakadi zako nichape.

Jibu: Hapana. Rudi hatua ya 4.

Fundi Mwanafunzi: Shikamoo mwalimu. Dira hatukuigusa, kwa nini ipimwe?

Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Waya wenye umeme una sumaku yake, na geji ulizotoa zilikuwa na mota na vyuma vilivyokuwa vikiivuta dira upande fulani. Ukivibadilisha, dira nayo inabadilika. Ipime injini ikinguruma, skrini na redio zikiwa zimewashwa, kila nyuzi 30 mpaka umalize duara. Kosa likizidi nyuzi 10, usiandike kadi. Tafuta chanzo. Njoo siku tukipima, utashika kalamu wewe.

Mama Avioniki: Naongezea hapo. Angalia skrubu za kishikio cha dira. Mtu akiweka ya chuma badala ya shaba, utahangaika siku nzima.

Fundi Mwanafunzi: Asante mama. Na plakadi mnazichapa kwenye kitu gani? Stika za printa zetu zinafifia na jua.

Mama Avioniki: Plastiki ya tabaka mbili, ichongwe kwa leza. Wanaotengeneza vibao vya milango ya ofisi mjini wanaiweza. Wape maandishi yaliyokwisha kukaguliwa na mhandisi, na usome herufi kwa herufi kabla hujalipa.