Kupima mkojo unaobaki kibofuni kwa ultrasaundi: jicho moja kwenye skrini, jingine kwenye saa

Ukipiga ultrasaundi Igunga au Nzega, mkoani Tabora, utakutana na wazee wa tezi dume na wakulima wa majaruba ya mpunga wanaokojoa damu kwa kichocho. Swali ni moja: mkojo unaisha wote kibofuni?

1. Mnyweshe mgonjwa maji nusu lita hadi lita moja, asubiri kama saa moja. Akisema amebanwa, mwingize. Usimwache mpaka ajikunje. Kibofu kilichojaa kupita kiasi hakijikamui vizuri, na figo huonekana zimejaa maji bure.

2. Weka probu ya tumbo (kifaa cha mkononi kinachogusa ngozi), MHz 3.5, juu kidogo ya mfupa wa kinena, uielekeze chini. Ikiwa imelala kwa mkingamo, pima upana. Izungushe nyuzi 90, pima urefu na kina. Kosa la kila siku ni kupima kina mara mbili na kusahau urefu. Zidisha vyote vitatu, kisha mara 0.52:

sm 10 × 8 × 7.5 × 0.52 = ml 312

Tazama na ukuta. Kibofu kikiwa kimejaa, ukizidi mm 5 au ukiwa na vinundu na chokaa inayong'aa, fikiria kichocho.

3. Akojoe kwenye jagi lenye alama. "Mzee, kojoa kama nyumbani, usikimbilie." Hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Aliyekunywa lita moja anaweza kutengeneza ml 10 za mkojo kwa dakika. Choo kikiwa mbali, au ukimpandisha mwingine kitandani kwanza, dakika 15 zimekupa ml 150 ambazo si mabaki hata kidogo. Akitoka chooni tazama saa. Probu iwe tumboni ndani ya dakika 5.

4. Pima tena: 6 × 5 × 4 × 0.52 = ml 62. Jagi lisome karibu na 250. Likisoma 120, umekosea vipimo, au kwa mwanamke umepima uvimbe wa maji wa ovari ukidhani ni kibofu.

Mabaki chini ya ml 50 hayana neno. Yakizidi 100, mrudishe chooni akojoe tena, kisha upime upya kabla ya kuandika chochote.

5. Malizia na figo, kibofu kikiwa kitupu. Maji ya kwenye figo yakiwa yamepungua, ulikuwa ujazo wa kibofu tu. Yakibaki pande zote na mabaki yamepita ml 300, apimwe kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) leo hii, asiambiwe arudi wiki ijayo.